Siku Skrini ya Kliniki Ilipozimika

Boda boda alisimama mbele ya kibanda changu bila kuzima injini. Nilikuwa nimeinamia televisheni ya mfanyabiashara mmoja wa vitenge kutoka Butembo, moja ya zile bapa. Ilikuwa inatoa sauti lakini haina picha, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imezama mgongoni mwake.

"Fundi, panda," alisema. "Musawo anakuita kule juu kliniki. Ile mashine ya kuangalia bamama tumboni imekufa."

Nilimjibu kwamba mimi natengeneza televisheni. Mashine za hospitali zina mafundi wake, wanatoka Kampala na magari yao.

"Anasema imekufa uso tu. Anasema uje na vitu vyako vyote, haraka. Kuna mama anatoka damu."

Nilitia kwenye begi bisibisi, mita ya kupimia umeme, koleo na tochi. Kibanda nilikifunga bila hata kufunika televisheni ya watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nilikuwa nimekaa miwili tu. Nilizaliwa Kilembe, kwenye nyumba za mgodi, na ufundi nilifundishwa na mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye alitengeneza redio na televisheni kwenye chumba cha mbele. Mto Nyamwamba ulipojaa ukaingia ndani, chumba hicho ulikisomba chote, meza na vyombo na televisheni za wateja. Mjomba alihamia Kasese mjini akaanza upya kwenye veranda ya duka la mtu. Mimi nikaja Bwera, kwa kuwa mpakani watu wananunua televisheni kila siku na kila siku zinawaharibikia. Mwanzo walisimama kunitazama kama sinema, mwanamke anayefungua televisheni. Baadaye walizoea, wakawa wanalalamika tu kwamba nachelewa, kama wanavyomlalamikia fundi yeyote.

Zile televisheni nene zenye kichogo zilikuwa zinatoweka, na hizi bapa mjomba hakuzijua vizuri. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuziharibu. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba ndani ya skrini bapa, picha na mwanga ni vitu viwili. Mbele kuna kioo chenye vidirisha vidogo mno vinavyofunguka na kufunga, na hivyo ndivyo vinavyochora picha. Nyuma yake kuna taa. Taa ikifa, vidirisha vinaendelea na kazi yao, ila hakuna anayeviona.

Kliniki yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki, juu kwenye mashamba ya kahawa. Jina lake siliandiki. Ilikuwa na vyumba vinne, manesi wawili, na musawo, ndivyo tunavyomwita tabibu, kijana ambaye hakuwa daktari kamili lakini ndiye aliyekuwepo. Nilimkuta nje akiningoja, glavu mkononi, jasho usoni.

Alinivuta pembeni ya ukuta, akaongea kwa sauti ya chini.

"Mimba ni ya miezi minane. Tangu asubuhi damu imetoka mara mbili, nyingi, na hana uchungu wowote. Naogopa kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi. Kama ni hivyo siwezi kumpima kwa mkono. Kidole changu tu kinaweza kumuua."

"Basi mpelekeni hospitali kubwa."

"Gari nimeita, liko njiani. Lakini wao wanataka kuondoka. Damu imesimama, mama yake anasema amepona, wanarudi kwa ndugu zao na kesho wanavuka kwenda kwao. Nikiwaacha, atafia njiani. Na daktari wa upasuaji kwenye simu ameniuliza, umeona nini? Ana mgonjwa mwingine anamngoja mezani, anataka kujua nani aanze. Nikamwambia skrini imezimika."

Tuliingia. Mgonjwa alikuwa amelala kitandani, mwanamke wa umri wangu, ametoka vijiji vya upande wa Beni akikimbia vita. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini macho yalikuwa yanafuata kila mtu. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimefungwa kiunoni, mzigo wao umeshakazwa fundo, uko miguuni pake.

"Huyu ni docta mwingine?" aliuliza.

"Ni fundi, mama," musawo alisema.

"Fundi wa nini? Mutoto wangu iko muzima. Hana maumivu. Mutu asiye na maumivu munamupasua juu ya nini?"

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya mashine. Musawo aliiwasha, feni ikazunguka, vitufe vikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hiyo mashine ilikuwa inakula betri yake yenyewe, na kila baada ya muda ilitoa mlio mfupi wa kulalamika. Nilimuuliza musawo betri inadumu kiasi gani. Alisema ilipokuwa mpya, nusu saa. Sasa hajui.

Niliomba pazia lifungwe. Niliwasha tochi, nikaisogeza karibu kabisa na kioo, upande upande, kama mtu anayetafuta mkwaruzo kwenye meza. Mwanzoni niliona uso wangu tu. Nikainamisha tochi zaidi, na pale kwenye kona zikatokea herufi, kijivu juu ya weusi, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa.

"Iko," nilisema. "Haijafa. Taa ya nyuma ndiyo iliyokufa. Picha inachorwa."

Musawo aliinama akatazama, kichwa chake kikagusa changu. Alichukua jeli akampaka mgonjwa tumboni, akashika kile kidude cha kupimia.

Kwa tochi yangu tuliweza kuona sehemu yenye ukubwa wa kisosi, na kisosi hicho kilionekana tu kama mkono wangu umetulia na kichwa cha musawo kimebaki mahali pale pale. Nikisogeza kidogo, kila kitu kinapotea. Yeye alikuwa anasogeza kidude tumboni kwa mkono wa kulia, na mimi nilikuwa namfuata kwenye kioo.

"Kushoto. Shuka. Hapo. Hicho ni kichwa." Alipumua. "Kichwa kiko juu mno. Shuka tena. Hicho cheusi ni kibofu. Nyuma yake. Polepole, fundi, usitikisike."

Nilikishika kifundo cha mkono wenye tochi kwa mkono wa pili. Mashine ikalia. Mgonjwa akauliza kwa sauti ndogo, "Munaona?" na musawo akamwambia bado, dada, vumilia. Mashine ikalia tena, safari hii mara mbili.

"Shuka kidogo. Kidogo. Simama!"

Alibonyeza kitufe kimoja, picha ikaganda pale ilipo. Nilimwona anaitazama kwa muda mrefu, midomo inasogea bila maneno. Kisha akanyooka.

"Limelala juu ya mlango. Lote."

Mimi niliona ukungu tu, kijivu juu ya kijivu. Musawo alimwita mama mlangoni, naye akaja kwa shingo upande, akainama mahali tulipomwonyesha.

"Mama, huyu ni mutoto, hiki kichwa chake. Hapa ni mlango wa kutokea. Na hii inayoonekana nyeupe-nyeupe ndiyo kondo, imelala juu ya mlango kabisa. Uchungu ukianza itabanduka, na damu haitasimama tena."

"Mimi naona wingu tu," alisema mama. Aligeuka, hakumtazama musawo, alinitazama mimi. "Wewe mwanamuke. Wewe unaona?"

Swali hilo sikulitarajia. Ningeweza kusema ndiyo. Musawo alinikodolea macho, najua alitaka niseme ndiyo, na muda ulikuwa unakwenda.

"Mama, mimi sijui kusoma mwili," nilimwambia. "Najua skrini. Mashine hii inapeleka sauti ndani, sauti ambayo sisi hatuisikii, inangoja irudi, na jinsi inavyorudi ndivyo inavyochora. Imechora muda wote huu, imekosa taa tu. Haijui kudanganya. Na huyu anajua kuisoma. Kama angekuwa ndugu yangu hapo kitandani, ningempandisha gari."

Mgonjwa aliongea kabla ya mama yake. "Mama, mimi nataka kwenda."

Mama alirudi mlangoni akauinua ule mzigo akautia kichwani. "Basi mimi pia naingia gari," alisema. "Sibaki hapa."

Wakati huo huo mashine ilizimika yenyewe, feni ikasimama, na sote tukasikia gari likipanda kilima.

Walipomnyanyua kitandani, damu ilianza tena. Niliiona sakafuni, kisha kwenye viatu vya nesi. Musawo alikuwa tayari na simu sikioni, anamwambia daktari maneno mafupi, limeziba lote, anatoka damu sasa hivi, tunakuja. Alipokuwa anapanda nyuma ya gari alinipigia kelele: "Tengeneza hiyo! Nyingine hatuna!" Gari likashuka, na mimi nikabaki na manesi wawili, tochi bado inawaka mkononi, vidole vimekakamaa kiasi kwamba ilibidi nivifungue kwa mkono mwingine.

Siku ile hakuna simu iliyokuja.

Asubuhi yake nilikwenda Kasese kwa mjomba. Nilimpa vipimo nilivyochukua kwa uzi, urefu na kimo cha skrini, nikamweleza ninachotaka kufanya. Kwa umri wa mashine nilijua taa ya nyuma ni ya aina ya zamani, mrija mwembamba wa kioo kama mrija wa soda, na mrija kama huo sikuupata popote mpakani. Nilitaka kuutoa na kuweka mahali pake utepe wa taa ndogo za LED kutoka kwenye kompyuta iliyokufa.

Mjomba alisikiliza huku anasugua risasi kwenye chuma cha kulehemu.

"Kuna karatasi ya kusema usifungue?"

"Ipo. Imebandikwa nyuma."

"Usifungue basi. Mwanangu, mashine ya hospitali si televisheni ya baa. Leo imekufa yenyewe. Ukiigusa ikafa tena, watasema wewe ndiye uliyeiua. Na kama mtu atafia pale, watasema wewe ndiye uliyemuua yeye pia."

"Mjomba, hata sasa haioni mtu."

Nilijua anachofikiri. Tangu mto umchukulie vyombo vya watu, kila alichokipokea alikiogopa, akikilaza juu ya kabati hata kama ni redio ya mkononi. Lakini alisimama, akaingia ndani, akarudi na kifuniko cha kompyuta kilichopasuka kioo. Tulikifungua pamoja. Utepe ulikuwa mrefu kidogo kupita uzi wangu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeukata. Akatafuta kwenye kopo lake sakiti ndogo ya kuuwashia, akaanza kulehemu.

Hatukuwahi kuujaribu. Dereva wa lori la saruji aliyekubali kunichukua alikuwa anapiga honi barabarani, na mjomba alilehemu waya wa mwisho honi ikilia. Niliufunga utepe ndani ya gazeti, waya mbili zikaning'inia nje, nyekundu na nyeusi.

Hizo waya mbili ndizo zilizoniponza. Kabla ya kufika njia panda kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Miezi hiyo walikuwa wanapekua kila gari wakitafuta mabomu. Mmoja alichungulia ndani ya lori akaona gazeti mapajani mwangu.

"Wewe! Shuka! Hiyo nini?"

"Ni taa ya skrini, afande."

"Skrini gani? Weka chini! Rudi nyuma!"

Niliweka chini kwenye changarawe, nikarudi nyuma, mikono juu. Wenzake wawili walikuja. Dereva alianza kuapa kwamba hanijui, amenibeba tu, na kweli hakunijua. Nilieleza habari ya kliniki, mama, damu, mashine. Niliongea haraka mno, na kadiri nilivyoongea ndivyo nilivyosikika kama mtu anayetunga.

"Wewe mwanamke, fundi?" afande aliuliza.

"Ndiyo, afande."

"Unasema ni taa. Washa."

"Sina umeme, afande."

Alionyesha lori kwa mtutu. "Betri iko. Washa."

Nilijua betri za lori lile zimeungwa mbili, volti ishirini na nne. Sakiti ya mjomba ilikuwa ya kumi na mbili. Ningeunganisha pale ingetoa moshi, na moshi kutoka kwenye kitu chenye waya mbili mbele ya wanajeshi watatu sikutaka hata kuufikiria.

"Hapana, afande. Hiyo ni kubwa, itaungua."

"Unakataa?"

"Sikatai. Naomba betri ya pikipiki. Ile pale."

Kulikuwa na boda boda amesimamishwa kando, naye aliposikia pikipiki yake imetajwa alitaka kulia. Afande alinitazama, akaitazama pikipiki, akamwambia yule kijana afungue kiti. Nilipiga magoti changaraweni. Wanajeshi walirudi nyuma hatua kadhaa, na mimi nikabaki peke yangu na pikipiki, nikiwa sijui hata mimi kama utepe ule utawaka. Nilishika waya nyeusi kwanza. Kisha nyekundu.

Mwanga ulitoka mweupe, mwembamba, ulionyooka kama rula, mkali hata juani.

"Zima," alisema afande. Alikaribia, akaugusa utepe kwa ncha ya kidole. "Huyo mama amepona?"

"Sijui, afande."

"Pita."

Nilipofika kliniki musawo alikuwa amerudi, amekaa kwenye benchi na nguo zile zile za jana. Alinieleza bila kuinua kichwa. Daktari alimtanguliza mgonjwa wetu mezani mara gari lilipofika. Mtoto alitoka hai, mvulana, mdogo sana, amewekwa kifuani kwa bibi yake apate joto. Kondo lilikuwa limeshika na damu haikukubali kusimama, wakalazimika kutoa kizazi. Mama yu hai.

"Wangechelewa kidogo tu," alisema, akaacha hapo.

Nilitaka kukaa karibu naye kwenye benchi, lakini nilijua nikikaa sitainuka. Niliomba chumba kisicho na dirisha la barabarani, nikamwaga maji sakafuni ili vumbi litulie, nikavaa glavu za manesi. Kile kibandiko cha usifungue nilikibandua taratibu kwa wembe, nikakiweka kwenye mfuko wa shati.

Kwenye televisheni ya baa, punje ya vumbi ikiingia ndani mteja ananisema siku moja anasahau. Nyuma ya kioo hiki kuna karatasi tatu nyeupe za kutawanya mwanga, zimepangwa kwa utaratibu wake, na alama ya kidole kwenye moja ingeonekana kama wingu ndani ya tumbo la mtu. Musawo angeweza kulisoma wingu hilo, na mtu angepasuliwa kwa ajili ya kidole changu. Niliziinua moja moja kwa kingo zake, nikizuia pumzi. Niliutoa mrija wa zamani. Ncha zake zilikuwa nyeusi kama utambi. Nililaza utepe mahali pake, nikarudisha karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nilipofika kwenye kioo nikagundua kwamba ya pili nimeigeuza. Nilifungua tena yote. Nesi aliyenishikia tochi alinifuta jasho kwa kiwiko lisidondokee ndani.

Umeme ulikuwa umerudi. Musawo mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe. Skrini ilikaa nyeusi kwa muda niliohesabu hadi saba, kisha ikawaka yote, kijivu safi, na herufi zile nilizoziona jana kama penseli zikasimama wazi.

Haikuwa kamili. Kona ya juu kulia ilikuwa na mwanga mwingi kuliko kwingine, kwa sababu ya pale mjomba alipokata utepe. Nilimwonyesha musawo, nikamwambia asije akadhani ni kitu mwilini. Alikata kipande cha plasta akakibandika kwenye fremu mbele ya kona hiyo, na akawaandikia manesi karatasi ya kuwakumbusha. Alipomaliza nilikusanya vyombo vyangu, nikarudi kibandani kwa televisheni ya watu.

Miezi mingi ilipita. Musawo alihamishiwa upande wa Ibanda. Siku moja ya soko, watu wamejaa kutoka ng'ambo, mama yule alisimama mbele ya kibanda changu. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama. Nyuma yake alikuwa binti yake, mtoto mgongoni, na mwanamume mrefu mwenye koti ambaye sikumjua.

"Huyu ni mukwe wangu," mama alisema. "Alikuwa mbali, kwenye dhahabu. Amerudi. Anasema tuliuza kizazi cha bibi yake, huyu mutoto wangu, hapa Uganda. Anataka kuona ile picha."

Mwanamume hakunisalimia. "Picha iko wapi?"

Nilimwambia haipo. Betri ilikufa kabla haijahifadhiwa, na mashine haikumbuki.

"Kwa hiyo hakuna."

"Ilikuwepo. Tuliiona watu watatu."

"Wewe si docta."

"Mimi si docta."

Binti alikuwa anatazama chini, anambembeleza mtoto ambaye hakuwa analia. Nilielewa kwamba swali hili limeulizwa nyumbani kwao mara nyingi, na kwamba mama ameniletea kwa sababu hana pengine pa kulipeleka. Musawo hakuwepo. Nilichana kipande cha katoni, nikachukua kalamu, nikaanza kuchora. Tangu siku ile nilikuwa nimekaa na skrini ile mara nyingi, musawo alikuwa amenifundisha kidogo kidogo, na ule ukungu wa kisosi sikuwa nimeusahau. Nilichora kichwa juu, kibofu, mlango. Kisha nikachora kondo juu ya mlango, nikalikoleza kwa kalamu.

"Mtoto alikuwa hapa," nilisema. "Njia yake ni hii. Na hii ilikuwa imelala hapa, imeshika. Kuibandua kulikuwa ni kumwaga damu yote. Hawakuuza kitu, baba. Walitoa kizazi ili mkeo abaki hai."

Alichukua katoni. Watu wa soko walikuwa wanapita nyuma yake na magunia, mmoja akamgonga bega, hakugeuka. Aliweka kidole kwenye kichwa nilichokichora.

"Huyu ni yeye?"

"Ndiye huyo mgongoni."

"Na bibi yangu alijua?"

"Alisema mwenyewe nataka kwenda," mama alijibu kabla yangu. "Mimi ndiye nilikataa. Mimi."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kulisema mbele yangu, na nadhani mbele ya mwanamume yule pia. Mwanamume alimtazama mkwewe, kisha mkewe. Alikunja katoni mara mbili akaitia ndani ya koti. Hakuniambia asante wala kwaheri. Walishuka kuelekea mpakani, yeye mbele, wanawake nyuma, na nilisimama nikiwatazama mpaka wakachanganyika na watu wa soko.

Mama alirudi baada ya wiki kadhaa na redio ya betri iliyokwama. Nilimuuliza habari za binti yake. Alisema wako nyumba moja, mwanamume anambeba mtoto, na habari ile hataki itajwe. Kisha akaniuliza redio itakuwa tayari saa ngapi.